NGOMA ZA RUFIJI NA VINANDA VYA UMEME

Liko jambo moja ambalo kwa muda mrefu limekuwa likizungumzwa barazani na pembeni mwa mikutano, lakini halijasemwa waziwazi kama inavyostahili. Jambo lenyewe ni ngoma mpya za vijana wetu wa pwani: ngoma zipigwazo kwa kinanda cha umeme, kompyuta na spika pamoja na ngoma za ngozi, bila maandishi wala kukariri, bali kwa kubuni papo hapo mbele ya watu. Wazee wengi huziita kelele. Viongozi wengine huziita uhuni. Vijana wenyewe huziita singeli, na kabla ya singeli ulikuwako mchiriku. Sisi twasema hizi ni ngoma, tena ni ngoma zetu. Twataka leo kueleza kwa nini twasema hivyo, na kwa nini wananchi wa Kibiti na wa delta ya Mto Rufiji wanahusika na jambo hili kuliko wengi wao wanavyodhani.

Kwanza tukumbuke asili yake. Katika miaka ya 1990, katika mitaa ya watu wa kipato kidogo ya Dar es Salaam, vijana walitwaa vinanda vidogo vya Casio, vile ambavyo wenye navyo walivinunua viwe vitu vya kuchezea watoto. Wakaviunganisha na vikuza sauti vilivyokwisha kuchakaa na spika za pembe, wakaweka kando yake ngoma za ngozi, wakaanza kupiga. Huo ndio mchiriku. Kikundi cha Jagwa Music kiliupiga mtindo huo hata santuri yake ikatolewa Ulaya mwaka 2012. Kutoka katika mchiriku ikazaliwa singeli, ambayo mwendo wake ni wa kasi mno, mapigo 200 hata 300 kwa dakika, na ambayo waimbaji kama Msaga Sumu wameifanya ijulikane nchi nzima. Huko Mburahati studio ya Sisso ikawa kama jando la mafundi wa mitambo. Mwaka 2017 kampuni moja ya santuri ya Kampala ikakusanya kazi za studio hiyo na kuzitoa kwa jina la Sounds of Sisso. (Kampuni yenyewe ina jina ambalo katika Kiganda halina ubaya wowote, lakini katika Kiswahili hatuwezi kulitamka mbele ya wakwe zetu.) Baada ya hapo vijana wa Mburahati wakaitwa kupiga muziki wao katika majukwaa ya Ulaya, na wapenzi wa muziki wa kujaribujaribu katika miji ile wakawasikiliza kama mafundi wanaofungua njia ambayo bado haijapitwa.

Huku nyumbani je? Wahenga walisema, "Mcheza kwao hutunzwa." Lakini vijana hawa wametunzwa ugenini, na kwao wamefukuzwa uwanjani. Methali imegeuzwa kichwa chini, miguu juu. Hilo ndilo linalotusikitisha, na hilo ndilo tunalotaka lirekebishwe.

Wako wasemao kwamba ngoma hizi ni mambo ya Dar es Salaam, na kwamba hazina uhusiano na watu wa Kibiti. Twawaomba wenye maneno hayo wasimame Mbagala asubuhi moja na kuangalia ni nani wanaopanda na kushuka magari ya kusini. Barabara ya Kilwa yatoka Mbagala, yapita Mkuranga, yafika Kibiti, na tangu daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 yavuka mto pasipo kungojea kivuko. Kwa njia hiyo wamekwenda mjini watoto wa Wandengereko, wa Wanyagatwa, wa Wamatumbi na wa Warufiji wote, wakakaa pamoja na Wazaramo ambao ndio wenyeji. Hawakwenda mikono mitupu. Walichukua masikio yao. Mtoto aliyelala mgongoni mwa mama yake penye ngoma ya unyago hasahau mwendo wa chapuo kwa sababu amehamia penye taa za umeme.

Hebu tuitazame ngoma ya zamani yenyewe kama mafundi waijuavyo. Katika ngoma za pepo zijulikanazo pwani yote, fundi haji na wimbo mmoja uliopangwa tangu mwanzo hata mwisho. Huanza pigo moja, akamwangalia mgonjwa. Asipotikisika, hubadili pigo. Huongeza, hupunguza, huharakisha, hunyamaza ghafula, hujaribu tena, mpaka apate lile ambalo mwili wa mgonjwa unalijibu. Akishalipata hulishikilia na kulikaza hata alfajiri. Hatusemi hapa habari za itikadi ya mtu. Twasema habari za ufundi. Huko ndiko kujaribu, na huko ndiko kubuni papo hapo. Vivyo hivyo manju katika ngoma ya harusi hutupa neno kumhusu mtu aliyeingia uwanjani sasa hivi, na waitikiaji hulipokea kabla halijaanguka chini. Hata mkulima wa mpunga wa bondeni, akaaye katika dungu lake akiamia ndege kutwa nzima, aijua kazi ya kutunga sauti kwa kutazama kinachotokea mbele yake, kwa maana ndege wakishaizoea sauti moja hawaiogopi tena.

Sasa mtazameni kijana wa singeli. Mbele yake kuna kompyuta au kinanda. Ana vipande vifupi vya sauti: pigo la ngoma, ukelele, mlio wa king'ora, neno moja la mwimbaji. Huvikata, huvirudia, huvikimbiza, huvipandisha juu mpaka sauti ya mtu mzima ikawa kama ya kinda la ndege. Mwimbaji humtupia maneno, naye hujibu kwa kidole. Wachezaji wakilegea, hubadili, wakiwaka, hukaza. Hakuna mmoja wao ajuaye kwa hakika ngoma itaishia wapi. Je, huyu si mjukuu wa yule fundi? Ngozi imekuwa kioo, na mkwiro umekuwa kidole, lakini kazi ni ile ile.

Tena tusidanganywe kwamba kuunganisha mitambo na ngoma ni elimu iliyobuniwa Ulaya, nasi twaiga tu. Mwaka 1944, katika mji wa Cairo, kijana wa Kimisri aitwaye Halim El-Dabh aliazima redioni mtambo wa kunasa sauti katika waya, akaenda nao penye ngoma ya wanawake ya kupunga pepo iitwayo zaar. Aliporudi alizichezea sauti zile kwa mitambo, akiongeza mwangwi hapa na kuondoa sauti za msingi pale, hata kikatokea kitu ambacho si ngoma tu wala si mtambo tu. Mfaransa Pierre Schaeffer, ambaye mara nyingi hutajwa kuwa mwanzilishi wa ufundi huo, alitangaza kazi zake katika redio ya Paris mwaka 1948. Basi Mwafrika alitangulia kwa miaka 4, na alitangulia kwa ngoma iliyo ndugu wa ngoma zetu wenyewe.

Hapa kwetu pia tunao mfano usio na shaka. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, alikuwa bingwa wa ilimba na zeze na mwalimu wa wengi huko Bagamoyo. Mwaka 2002, mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake, alitoa santuri iitwayo Assembly pamoja na Michael Brook, mpigaji wa gitaa na fundi wa mitambo. Ilimba haikufa kwa kukaa karibu na umeme. Mwaka 2024 wanawake wa ukoo huo huo, Pendo na Leah Zawose, walitoa santuri yao Maisha, na humo sauti za Kigogo na za mitambo zimekaa pamoja kama watu wa nyumba moja. Kama Wagogo wameweza, Wandengereko wana upungufu gani?

Ndugu zetu wa Chama tunawakumbusha jambo la pili. Chama chetu kilijengwa juu ya ngoma. Bibi Titi Mohamed, ambaye baadaye aliiwakilisha Rufiji Bungeni, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955, alipokabidhiwa kazi ya kuwaingiza wanawake katika TANU, hakuanza na watu wa ofisini. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma mjini Dar es Salaam, na wao wakawaleta watu wao. Palipokuwa na ngoma palikuwa na mkutano, na palipokuwa na manju palikuwa na mjumbe. Serikali ya kikoloni ilijua nguvu hiyo, na ndiyo maana ngoma za mjini zilitakiwa kuombewa ruhusa kana kwamba kucheza ni hatia inayosamehewa kwa siku moja. Leo mtendaji wa kijiji au wa kata akimfukuza kijana uwanjani kwa sababu tu chombo chake kina waya, bila kuuliza amekosa nini, ajiulize amevaa kofia ya nani.

Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge tarehe 10 Desemba 1962, alieleza huzuni yake kuona wasomi wetu wakijua ngoma za Wazungu na wakizionea haya za kwao, akatangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Lakini Mwalimu hakusema tufunge milango. Alifundisha kwamba kujifunza kwa wengine si kosa. Kosa ni kuacha chako ili ukapate cha wengine. Kinanda kilitengenezwa Japani. Tarumbeta lilitoka Ulaya, zumari ililetwa na bahari, na leo nani awezaye kumwambia mtu wa pwani kwamba zumari si yake?

Wako wenye hoja za kupinga, na haki yataka tuzijibu. Hoja ya kwanza ni matusi. Hapa hatubishani. Tusi ni tusi, likipigiwa kinanda au likipigiwa msondo, na anayelitoa hadharani mbele ya watoto astahili kuzuiwa. Lakini wazee wetu walijua namna ya kulitenga jambo: nyimbo za unyago ziliimbwa ndani, mbele ya waliostahili kuzisikia, na za harusi ziliimbwa nje. Hawakuipiga marufuku ngoma kwa sababu ya wimbo mmoja. Hoja ya pili ni kelele za usiku, na kukesha kuletako fujo. Hilo nalo ni kweli mahali pengi, na dawa yake ni saa maalumu na uwanja maalumu, kwa ngoma zote sawasawa, siyo kwa baadhi.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi, nayo yatoka kwa wapenzi wa ngoma wenyewe: kwamba mtambo utaiua ngoma ya ngozi, kwa kuwa kijana akiisha kulinasa pigo la mzee katika kompyuta hamhitaji mzee tena. Hofu hii si ya kudharauliwa. Lakini tuangalie vizuri ni kitu gani kinachoiua ngoma ya Rufiji. Mafuriko ya mwaka 1968 yalifuatwa na Operesheni Rufiji, iliyowatoa watu bondeni na kuwaweka katika vijiji vya juu. Viwanja vya zamani vya ngoma vikaachwa kwa matete. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliharibu tena mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti, na maji yakichukua nyumba hayachagui cha kuacha ndani. Vijana wamekwenda mjini, na wazee waliobaki na ujuzi wanakufa mmoja baada ya mmoja.

Tena kuna jambo la mwaka 2017, ambalo si rahisi kulitaja lakini lazima litajwe. Mwaka ule, katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga, waliuawa askari polisi, viongozi wa vijiji, na wanachama wenzetu waliokuwa hawana silaha ila kadi zao. Pikipiki zilikatazwa kutembea usiku, na watu wakafunga milango kabla ya giza. Palipo na hofu ya usiku ngoma haikeshi. Amani imerudi, nasi twawashukuru walioirudisha. Lakini usiku uliojaa hofu hauponywi na mwanga wa taa pekee. Huponywa na watu kukutana tena uwanjani, mzee na kijana, mwenyeji na mgeni, wakiitikiana. Kijana aliye na uwanja wa kusikilizwa si rahisi kudanganywa na mtu amwitaye gizani. Kwa ajili hiyo twaona kwamba jambo la ngoma katika Kibiti si la anasa hata kidogo. Ni jambo la umoja na usalama wa wananchi.

Basi mtambo si adui wa mzee. Mtambo waweza kuwa mkono wake, iwapo tutautumia kwa akili. Twapendekeza mambo manne.

Jambo la kwanza: Halmashauri za Kibiti na Rufiji, kwa njia ya maofisa utamaduni wao, ziwakutanishe mafundi wa ngoma na vijana wa vinanda katika uwanja mmoja, si kwa mashindano bali kwa kupiga pamoja. Mzee aanze, kijana amjibu kwa mtambo. Kijana aanze, mzee amrudi kwa ngozi. Katika kujibizana huko kila mmoja atajifunza asilolijua, na pengine kitazaliwa kitu ambacho Mburahati wala Ulaya hawajakisikia.

Jambo la pili: kila ngoma inayopigwa hivyo inaswe na kuhifadhiwa, pamoja na jina la fundi, kijiji chake na maelezo ya ngoma yenyewe. Kazi hii isiishie barabarani Kibiti na Bungu, ambako gari hufika. Ifike Salale, Mbuchi, Msala, Maparoni na Kiongoroni, ambako mtu huenda kwa mashua na kwa kungojea maji kujaa, katikati ya mikoko ambayo eneo lake lapita hekta 50,000. Twajua mbinu ya wakusanyaji wengi: huishia mwisho wa lami, kisha huandika kwamba wamemaliza wilaya. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo ina walimu na wanafunzi. Kutoka Bagamoyo hadi Nyamisati si safari ya kuwashinda.

Jambo la tatu: haki ya mwenye ngoma ilindwe. Tunayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na tunayo COSOTA ya kuisimamia. Lakini fundi wa Mbuchi ambaye pigo lake limenaswa kwa simu, likatiwa katika santuri na kuuzwa ng'ambo, haijui njia ya kufika mlangoni. Aelezwe haki yake kwa Kiswahili chepesi kabla hajapigiwa kofi la kwanza la shangwe. Na kijana atumiaye pigo la mzee amtaje mzee, na wakipata wagawane. Anayevuna asipopanda, na asimshukuru aliyepanda, huyo ni ndege, naye astahili kuamiwa.

Jambo la nne ni umeme. Bwawa la Julius Nyerere limejengwa juu ya mto huu huu, nalo lina mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115. Maji yale yale yanayozungusha mitambo ndiyo yashukayo mpaka delta na kujipenyeza kati ya mikoko. Ni haki, na ni heshima, kwamba watu wa mwisho wa mto wasiwe wa mwisho kupata nguvu yake. Taa za zahanati na za shule zitangulie, hilo halina ubishi. Lakini siku taa hizo zitakapowaka, mtu asione ajabu kwamba kijana naye ametafuta tundu la kuchomeka kinanda chake.

Kwa vijana wenyewe tuna neno pia, wasije wakadhani tumewasifu tu. Kasi si ufundi. Mtu yeyote aweza kukimbiza mashine; kazi ni kujua lini pa kunyamaza. Mjue kwamba kile mnachokitafuta usiku kucha katika kompyuta, mara nyingine kimo mkononi mwa bibi mmoja aliyeketi nje ya nyumba yake huko Salale, ambaye hajaulizwa kwa miaka mingi. Nendeni mkamwulize. Mpelekeeni kitenge na sukari kama ilivyo desturi, mkae chini, msikilize, kisha ndipo mwombe ruhusa ya kumnasa. Mkifanya hivyo hakuna atakayethubutu kuwaita wahuni.

Na kwa wazee twasema hivi: mtoto akiigeuza ngoma yako, hajaitupa. Angekuwa ameitupa, asingeihangaikia. Msemo wa kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka ni wa kweli, lakini ngoma isiyopigwa kabisa huliwa na mchwa, na hapo hapana hata wa kuisikia ikipasuka. Wafungulieni vijana uwanja, kaeni mbele, na pigo likienda kombo warudini palepale kama ninyi mlivyorudiwa. Hivyo ndivyo ngoma zote za pwani zilivyorithiwa, na hizi za waya nazo hazina njia nyingine.